Muulize Fundi: Feni inalia usiku kucha na thioremu haijathibitishwa

Toleo lililopita niligusia kwa mistari minne tu kwamba kuna programu unaziandikia uthibitisho wa hesabu hatua kwa hatua, zenyewe zinakukagua, na ukiruka hata hatua moja zinakugomea. Nikataja Lean, Rocq na Isabelle afu nikapita zangu kuongelea printa. Kumbe printa hamna aliyeijali. Meseji karibu zote zilizoingia ni za watu waliojaribu kuinstoli hizo programu na zikawashinda, kwaiyo leo printa zipumzike.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nasoma hisabati mwaka wa pili hapa Dodoma, laptopu yangu ya mtumba, Windows 10, RAM GB 4. Lean niliinstoli vizuri tu kwa kupitia VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, nikatengeneza projekti ya Mathlib, nikaandika import Mathlib juu kabisa ya faili, ikaanza kuhesabu namba zinapanda tu, mia, elfu, elfu mbili, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaiacha usiku kucha, asubuhi bado, umeme ukakatika na betri yenyewe ndo hivo. Nimekosea wapi? Au laptopu ndo haifai?

JIBU: Mdogo wangu pole, ila laptopu haina kosa, na hata we hujakosea sana, umeruka amri moja tu. Lean yenyewe ni kitu kidogo. Mzigo ni Mathlib, ile maktaba ya hesabu ambayo watu wa dunia nzima wamekuwa wakiijaza thioremu, yaani kauli za hesabu zilizothibitishwa, miaka na miaka, ina mafaili kwa maelfu, na kila faili linatakiwa likompailiwe, yaani likaguliwe na kugeuzwe liwe kitu mashine inachokisoma haraka, kabla hujalitumia. Sasa we ulichokifanya ni kuiambia laptopu ya mtumba ikompaili maktaba nzima kuanzia ukurasa wa kwanza. Hata mashine kubwa inakaa masaa.

Wenye maktaba wanalijua hilo, kwaiyo wameshaikompaili wenyewe na matokeo wameyaweka kwenye seva, kazi yako ni kuyashusha tu. Simamisha hiyo inayoendelea, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ndani ya folda la projekti, andika amri hii: lake exe cache get (hilo lake ni jina la kifaa cha Lean cha kusimamia projekti, sio Kiswahili), subiri imalize, afu rudi VS Code uanzishe upya faili. Kama terminali unaiogopa, kule juu kulia kwenye VS Code kuna alama ya ∀, ibonyeze, ingia kwenye vitendo vya projekti utaona sehemu ya kuvuta akiba ya Mathlib, ni kitu kilekile. Na hakikisha umefungua folda zima la projekti, sio faili moja, maana ukifungua faili peke yake Lean haijui iko kwenye projekti gani na itakutolea makosa ambayo hayana kichwa wala miguu. Hili la folda linawakamata watu kuliko kitu kingine chochote, mi mwenyewe lilinipotezea Jumamosi nzima.

Ukishapata hiyo akiba inabaki RAM. GB 4 ni kubanana. Ukiandika import Mathlib unaita maktaba yote, wakati labda unachohitaji ni kurahisisha aljebra tu, sasa badala yake andika import Mathlib.Tactic.Ring, au kama unafanya mambo ya namba tasa ita faili la namba tasa peke yake, na brauza funga kabisa. Itapumua.

Diski nayo uiangalie, acha GB 10 wazi ndo uanze. Projekti usiiweke kwenye folda linalojipandisha lenyewe wingu, yaani ile Documents ambayo kila ukisevu kitu inakimbilia mtandaoni, kwa sababu itaanza kupandisha maelfu ya vifaili vya Mathlib huku Lean inavisoma, hapo bando linaisha na projekti inakwama vilevile. Weka moja kwa moja C:, folda jina fupi lisilo na nafasi katikati. Antivairasi nayo ikiwa inakagua kila faili linalofunguliwa, kufungua akiba kutachukua muda mrefu kweli, vumilia tu usije ukaikatisha katikati.

Sasa la bando, maana najua ndo linalouma. Ndani ya projekti yako kuna kifaili kinaitwa lean-toolchain, kimeandikwa mstari mmoja tu, unataja toleo la Lean ambalo projekti inalitaka. Kuna programu ndogo inaitwa elan, uliinstoli bila kujua ulipokuwa unabonyeza kubali kubali, kazi yake ni kusoma huo mstari na kama toleo hilo huna, inakwenda kulishusha, mamia ya MB. Kwaiyo ukiona mtu kakushauri uandike lake update kila asubuhi eti upate vitu vipya, achana nae. Ukiapdeti Mathlib inaweza ikabadilisha mstari wa lean-toolchain, Lean mpya inashuka, akiba mpya inashuka, na bando la wiki limekwenda kabla hujaandika hata mstari mmoja wa uthibitisho. Chagua toleo moja, kaa nalo muhula mzima. Matoleo ya zamani yaliyojirundika utayaona kwa elan toolchain list, yasiyo na kazi yafute kwa elan toolchain uninstall ukifuatisha na jina lake.

Na kama mko watatu wanne bwenini mnasoma kitu kimoja, ashushe mmoja. Akiba ya Mathlib inakaa kwenye folda linaitwa .cache ndani ya folda la jina lako, humo ndani kuna folda la mathlib, likopi kwenye flashi, mwenzio alibandike sehemu ileile kwake, afu nae akiandika lake exe cache get itaangalia kwanza kilichopo na kushusha kilichopungua tu. Masharti ni mawili, toleo la Mathlib liwe moja, na kila mtu awe ameshaunda projekti yake. Na uzuri ni kwamba mafaili ya akiba ni yaleyale kwa Windows, Linux na Mac, kwaiyo mwenye Ubuntu anaweza kumpa mwenye Windows bila ugomvi.

SWALI: Sasa Fundi. Niko Nairobi, niko na MacBook ya M1. Nimedownload Isabelle, nikifungua inaniambia haiwezi kufunguliwa, eti niitupe kwa taka. Nimefanya hivyo mara mbili nikadownload tena. Pia kuna mtu kazini ameniambia lazima kwanza niinstall Java. Ni ukweli?

JIBU: Usiitupe tena jamani, hiyo ni data yako unaichoma. Isabelle haijaharibika. Mac ina mlinzi wake getini, kitu chochote kilichotoka mtandaoni bila muhuri anaoutambua anakizuia. Kama ulishusha kutoka kwenye tovuti yenyewe ya Isabelle, jaribu kuifungua mara moja ikatae, afu nenda System Settings, Privacy & Security, shuka chini utaona jina la Isabelle na kitufe cha kuifungua hivohivo, Open Anyway, weka paswedi yako, imeisha. Ikikaza bado, fungua terminali uandike xattr -dr com.apple.quarantine ikifuatiwa na jina la hiyo app, unaivua ile alama ya karantini. Ila fanya hivo kwa kitu unachojua kimetoka wapi, sio kwa kila kinachokataliwa, mlinzi sio mjinga siku zote.

Java usihangaike nayo. Isabelle inakuja na kila kitu chake, Java yake, Poly/ML inayoiendesha, hadi sehemu ya kuandikia inaitwa jEdit, yote kwenye kifurushi kimoja. Kwa Windows ni faili moja la exe linajifungua lenyewe, kwa Linux unafungua tar.gz unabonyeza. Kwangu mimi, kwenye suala la kuinstoli tu, hii ndo imewashinda wengine wote, na inashangaza maana ni ya zamani, Lawrence Paulson aliianzisha Cambridge mwaka 1986, baadae wajerumani wa Munich akina Tobias Nipkow wakaingia. Mara ya kwanza ukiifungua itakaa kidogo inajenga HOL yake, ule msingi wa hesabu inaoutumia, usidhani imestaki, kunywa chai urudi.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa chuo, natumia Ubuntu. Niliandika sudo apt install coq ikaingia bila shida, ila mazoezi niliyonayo ni mapya na nusu yake yanakataa. Halafu kila ninaposoma nakuta jina Rocq. Ni programu mbili tofauti au ni moja?

JIBU: Mwalimu, ni moja. Ilianza Ufaransa, INRIA, taasisi yao ya utafiti wa kompyuta, mwaka 1984 kwa kazi ya Thierry Coquand na Gérard Huet, miaka yote ikiitwa Coq, ambalo kwa Kifaransa ni jogoo. Shida ni kwamba likitamkwa kwa Kiingereza linaangukia kwenye neno la aibu, na mwanafunzi anaesimama mbele ya watu kusema anafanya utafiti wa hicho kitu alikuwa anapata taabu. Basi wakakubaliana kubadilisha, na toleo la 9.0 la mwaka 2025 ndo la kwanza kutoka kwa jina la Rocq, linakumbusha Rocquencourt ambako INRIA walikuwa na maabara yao. Kwaiyo ukikutana na mafundisho ya Coq usiyatupe, sehemu kubwa bado yanafanya kazi.

Kuhusu apt, ulichopata ni toleo lililogandishwa siku Ubuntu yako ilipotoka, haliendi mbele mpaka uapdeti Ubuntu nzima. Kwa kazi ya kufundisha tumia opam, ndo meneja wa vifurushi wa OCaml, lugha ambayo Rocq imeandikwa nayo. Kwanza sudo apt install opam libgmp-dev, hiyo ya pili watu wanaisahau afu wanakuta ujenzi umekatika katikati na ujumbe mrefu kuhusu zarith ambao hauwasaidii kitu. Afu opam init, afu opam install rocq-prover. Hii inakompaili kwenye mashine yako kweli, kwaiyo anza ukiwa na nafasi.

Mwisho wa opam init itakuandikia mstari unaoanza na eval na kukuambia uuendeshe. Uendeshe. Kila anaeniandikia kwamba ameinstoli Rocq lakini terminali inasema haiijui, nikimuuliza, huo mstari aliuruka au alifungua terminali nyingine mpya. opam ikikuuliza kama iandike yenyewe kwenye faili la .bashrc jibu ndiyo, hutauona tena huo ugonjwa.

Wanafunzi wako wenye Windows na Mac usiwapeleke njia hii ya opam, utageuka fundi wa kompyuta badala ya mwalimu. Kuna kifurushi kinaitwa Rocq Platform, zamani Coq Platform, ni instola ya kubonyeza, ndani yake kuna programu, maktaba na sehemu ya kuandikia. Muhimu darasa zima wawe na toleo moja, liandike ubaoni siku ya kwanza, kwa sababu uthibitisho uliopita kwenye toleo moja unaweza ukakataa kwenye lingine na mwanafunzi akadhani hesabu yake ndo mbovu.

SWALI: Kaka Fundi shikamoo. Mimi nipo kidato cha sita Mtwara, sina kompyuta nina simu tu ya Android. Hivi naweza nikaiweka Lean kwenye simu?

JIBU: Marahaba. Kuiweka kwenye simu usijisumbue, ila kuitumia unaweza leo hiihii. Ingia kwenye brauza utafute Natural Number Game. Ni gemu, wameianzisha Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar wa Imperial College London, unaanza na namba za kuhesabia huna hata kujumlisha, afu unajenga kila kitu mwenyewe, unathibitisha kwamba a + b ni sawa na b + a, ambayo ukiwa darasa la tatu uliambiwa tu ukubali. Lean inaendeshwa kwenye seva ya gemu, simu yako inatuma maandishi na kupokea maandishi, kwaiyo bando haliumii kama video. Kazi ni kibodi tu, ile alama ya mkwaju wa kinyume utaitafuta kwenye ukurasa wa pili wa alama, lakini kwenye gemu yenyewe mara nyingi unaandika rw, rfl na induction, unazoea.

Na niwaambie hata nyie wenye laptopu nzuri, anzeni hapo. Mtu anainstoli GB kadhaa wiki nzima, afu siku ya kwanza ya kuthibitisha anagundua kitu chenyewe hakipendi. Kama gemu imekukamata mpaka usiku wa manane, hapo ndo uanze kufuta picha kwenye diski.

SWALI: Agda kwenye Windows? Nimehangaika siku tatu.

JIBU: Kwa wasioijua, Agda nayo ni programu ya uthibitisho kama Lean. Fungua PowerShell kama admini, wsl --install, ristati, sasa una Ubuntu ndani ya Windows, humo andika sudo apt update, afu sudo apt install agda. Toleo litakuwa la nyuma kidogo lakini la kujifunzia linatosha. Kama ulikuwa unahangaika na njia ya cabal, meneja wa vifurushi wa lugha ya Haskell, hiyo inakompaili Agda yote na inakula RAM vibaya mno. Na kama unachotaka ni mashine ijibu yenyewe kwamba masharti yako yanawezekana au hayawezekani, sio we uandike uthibitisho, basi huitaki Agda kabisa, unaitaka Z3, na hiyo ukiwa na Python ni pip install z3-solver tu.

SWALI: Kijana, mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili kwa chaki na ubao, sasa nimestaafu nipo Tanga. Mjukuu wangu ameweka hizo programu zenu. Uthibitisho ni kitu cha kusomwa na mtu mwenye akili akaridhika. Mashine inaongeza nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa kuwa upo Tanga nianze na machungwa ya Muheza. Muuza machungwa yeyote anayapanga kwa piramidi, kila chungwa linakaa kwenye shimo la yale ya chini, hamna aliyemfundisha. Mwaka 1611 Johannes Kepler akasema mpango huo ndo unaobana kuliko yote, huwezi kupata mwingine unaopoteza nafasi ndogo zaidi. Karibu miaka 400 hakuna aliyeweza kuthibitisha. Mwaka 1998 Thomas Hales wa Marekani akaja na uthibitisho, mamia ya kurasa pamoja na programu za kompyuta. Wakakaa wakaguzi 12, watu wenye akili hasa kama unavyosema, wakakagua miaka, mwisho wakasema wana uhakika asilimia 99 lakini kumalizia hiyo iliyobaki hawawezi, wamechoka.

Mzee, we ungempa mwanafunzi alama kwa uthibitisho wa asilimia 99? Hales mwenyewe hakuridhika. Akaanzisha mradi akauita Flyspeck, kila hatua iandikwe kwa namna ambayo Isabelle na mwenzake HOL Light, nayo programu ya kukagua uthibitisho, zinaikagua, na mwaka 2014 wakamaliza. Kwaiyo mtu mwenye akili bado anahitajika sana, yeye ndo anaetoa wazo. Mashine haina wazo, ina uvumilivu tu, haichoki ukurasa wa mia tatu, wala haimwonei aibu profesa. Ila nakubaliana nawe jambo moja, uthibitisho wa mashine mara nyingi hausomeki, mjukuu akikuonyesha wa kwake mwambie akuandikie na ubaoni, akishindwa hajauelewa.

SWALI: Fundi, nimefanikiwa kuinstoli Lean kwenye Linux, asante sana kwa toleo lililopita. Swali dogo tu, nikimaliza thioremu yangu inapita bila rangi nyekundu ila kuna mstari wa njano chini unasema kuna sorry. Kompyuta inaniomba radhi ya nini?

JIBU: Haikuombi radhi we, ni we ndo umeiomba. sorry ni neno unaloandika mahali ambapo uthibitisho bado hujaupata, Lean inakukubalia kwa muda ili uendelee na mengine, na hiyo njano ni deni imeliandika daftarini. Isabelle nayo inatumia neno hilohilo, Rocq wanasema Admitted. Inawezekana ulikopi mfano wa mtu ukaja nalo bila kuliona. Litafute kwenye faili, lifute, afu uone nyekundu itatokea wapi. Hapo ndo thioremu yako inaanzia.